Baridi Isiyo Yabisi

Saa tisa usiku, mwezi wa saba, Rausu.
Shangazi Kiwa analaza kombu nje inywe umande,
mwani mpana kama mikanda ya askari wa zamani,
kisha anaikunja ingali laini.
Vidole vyake navyo vingetaka umande.
Vimevimba kama tangawizi,
na gumba limekataa kuonana na kidole cha mwisho
tangu msimu wa juzi.

Baridi yabisi, ndivyo inavyoitwa.
Yabisi kwa lipi,
na mikono hii haijakauka tangu ana miaka tisa?

Mimi niko Sapporo, ghorofa ya nne, taa nyeupe.
Kazi yangu kuhesabu.
Onodera anashika panya, mimi nashika sindano:
goti la kushoto, tone la kaolini, ambayo ni udongo tu,
na tone la karagini, ambayo
(sikuwahi kumwambia shangazi)
ni uji wa mwani mwekundu.
Baada ya saa nne panya anatembelea miguu mitatu
nami naandika: tatu.

Humo gotini ncha ya neva inamwaga glutameti.
Si sumu. Ni neno moja fupi,
mwili hulisema mara elfu kabla hujamaliza chafya.
Penye neno pana vipokezi, milango midogo.
Mmoja hufunguka upesi, haulizi nani.
Mwingine mzito, koo lake limezibwa na magnesiamu;
apigaye hodi mara moja akaenda zake
hana habari naye.
Lakini goti likiwaka hodi haikomi,
hodi hodi hodi hodi,
mpaka kizibo kinang'oka chenyewe
na kalsiamu inaingia kama watu wa msiba,
bila kuvua viatu.
Neva nayo, badala ya kufunga, inaongeza milango.
Kesho hata shuka likigusa goti ni habari,
na uti wa mgongo, uliozoea kusikiliza nusunusu,
unageuka masikio matupu.

Haya niliyaeleza mezani, Mwaka Mpya, nikijiona msomi.
Shangazi akaweka bakuli chini.
"Hiyo glutameti, si ndiyo mliyosema imo kwenye kombu?
Si ndiyo utamu wa supu?"
Ndiyo, shangazi.
"Basi nimejichemshia maumivu miaka hamsini na sita.
Na wateja wangu je?"
Hakuna aliyecheka. Mjomba Tetsuzo alizima televisheni.

Nikasema hapana, ya supu huishia njiani,
utumbo huitumia karibu yote kabla haijaona damu;
ya gotini hupikwa gotini.
Jina moja, jiko mbalimbali.
Alinitazama anavyomtazama dalali akitaja bei.
"Kikulacho," akasema, "kina jina la kikulishacho."

Akauliza kama hakuna wa kuziba huo mlango.
Yupo. Tukimpa panya dawa,
mguu wa nne unashuka sakafuni, taratibu,
kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.
Ila binadamu akipewa dozi kubwa huona ukuta unatembea,
maana milango ya namna hiyohiyo, kule kichwani,
ndimo kumbukumbu hupitia.
Shangazi akanyamaza.
Mamaye alipotea baharini asubuhi ya ukungu;
uso wake anao yeye tu, picha hazikuwepo.
"Basi ziba ya goti," akasema,
"ya huku juu iache wazi."
Kana kwamba ni madirisha.
Kana kwamba nina funguo.

Wiki iliyopita kifurushi kimefika maabara,
harufu yake ikamfanya Onodera avue barakoa.
Kombu daraja la kwanza, imefungwa kwa uzi mwekundu.
Kingo amezikata mwenyewe, kwa mkasi,
mwaka huu hakutaka kijana wa jirani amsaidie.
Niliinyoosha mezani, kando ya vizimba,
nikaipima kwa rula, ndiyo mazoea ya kazi:
milimita tano huku, kumi na mbili kule,
na katikati mkasi umesimama,
umepumzika,
umeanza tena.
Nikaandika.